Mwalimu wa kwaya, laptopu iliyotumika na sauti nne: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwalimu wa kwaya wa parokia moja mjini Morogoro alikuja na swali fupi: anunue laptopu yenye prosesa ya i5 au ya i7? Alikuwa na shilingi 1,200,000, sehemu yake mchango wa wanakwaya, na alitaka mashine ya kuandikia nota na kusikilizia alichoandika kabla ya kukipeleka mazoezini. Fedha ya mchango ina wenyewe. Alijua kwamba akinunua kitu kisichofaa ataulizwa kwenye kikao, na kwa hiyo alitaka jibu ambalo angeweza kulisimamia mbele ya watu.

Swali la i5 na i7 lina jibu jepesi, na nitalifikia. Ila kabla ya prosesa kuna jambo ambalo wauzaji hawaliulizi na wanunuzi hawalifikirii: hiyo sauti itakayotoka kwenye kompyuta ataisikiliza nani, na aifanyie nini? Jibu la hapo ndilo lililogawa ile fedha. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu walimu wengi wa kwaya wako palepale alipokuwa yeye, hasa waliojifunza kuandika nota kwa programu ya Finale.

Alichokuwa nacho

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka, Windows 7. Ndani yake kulikuwa na Finale ya zamani, ya kabla ya toleo la 2014, yaani ile inayohifadhi kazi kwa faili za .mus. Nyimbo zake mwenyewe zilikuwa mia kadhaa: za mwanzo, zaburi za katikati, za sadaka, za komunyo, pamoja na nyimbo za watunzi wengine alizozinakili upya kwa sababu karatasi zilikuwa zimechoka. Nakala ya pili ya hayo yote haikuwepo popote.

Umeme ukikatika, kazi inakatika nayo. Kinanda cha kanisani, cha Yamaha, kina tundu la nyuma lililoandikwa USB TO HOST, na halikuwa limewahi kuchomekwa waya wowote.

Kisha akanieleza, kama jambo la kupita tu, namna anavyowapa wanakwaya sauti zao. Anaucheza wimbo kwenye kompyuta, anaiweka simu karibu na spika, anarekodi na kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Sauti ya kwanza wanashika. Ya tatu na ya nne wanalalamika kwamba hawajisikii. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo lake kubwa halikuhusiana na kasi ya kompyuta.

Sauti mbovu inatoka wapi

Mwalimu aliamini kwamba wimbo unasikika vibaya kwa sababu prosesa ni dhaifu. Imani hii imeenea, na imewauzia watu wengi mashine za bei kubwa. Nikafungua mipangilio ya Finale yake. Ilikuwa inapeleka maagizo ya MIDI kwa kisintesaiza (kitengeneza sauti) kilichomo ndani ya Windows, kile kinachoitwa Microsoft GS Wavetable Synth. Sampuli zake zote, yaani sauti fupi za ala zilizorekodiwa, zinatoka kwenye faili moja ya takriban megabaiti 3, zilizopewa leseni na kampuni ya Roland, na zimekuwa vilevile toleo baada ya toleo la Windows. Humo kuna piano, filimbi, tarumbeta, ngoma na kwaya, zote kwenye megabaiti 3. Ukiichomeka faili hiyo kwenye i7 ya mwaka huu, utapata ubovu uleule kwa usahihi uleule.

Programu ya nota yenyewe haina sauti. Inachotoa ni maagizo: piga nota hii, kwa nguvu hii, iachie hapa. MIDI imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1983, na mwaka 1991 watengenezaji wakakubaliana orodha ya sauti 128 inayoitwa General MIDI, ambamo namba 1 ni piano, 20 ni kinanda cha kanisa, 53 ni kwaya inayoimba “aa” na 72 ni klarineti. Anayeyageuza maagizo kuwa sauti ni mwingine, na huyo ndiye wa kubadilishwa.

Wa kubadilishia wapo wa aina tatu. Kuna faili za SoundFont, megabaiti kadhaa hadi mamia, zinazoingia zote kwenye RAM. Hizi ndizo programu ya nota ya MuseScore 3 ilikuja nazo. Kuna maktaba kubwa za sampuli, kama Muse Sounds zinazotumika na MuseScore 4, ambazo zina uzito wa magigabaiti na zinahitaji diski ya kasi. Halafu kuna NotePerformer, kazi ya Arne Wallander, ambayo ni ndogo kwa ukubwa lakini huisoma nota kwa takriban sekunde moja mbele kabla ya kuipiga, ili ijue sentensi ya muziki inaelekea wapi. Hii ni ya kununua. Kwa anayeandikia okestra ningemwambia anunue bila kusita. Kwa anayeandikia sauti nne za Jumapili, hapana.

Wasikilizaji watatu

Tuliketi tukahesabu nani anasikiliza.

Wa kwanza ni mtunzi mwenyewe. Anataka kujua kama ameandika kosa: nota si ya kawaida mahali pa nota si bemoli, sauti ya pili iliyopita juu ya ya kwanza, sauti ya tatu (tena) iliyoruka kwa namna ambayo koo la mtu haliwezi. Kwa kazi hii sauti kavu ni rafiki. Kwaya tamu ya kompyuta, yenye mwangwi kama wa kanisa la mawe, hufunika makosa, kwa sababu mwangwi huchanganya nota iliyopita na inayokuja mpaka mgongano unasikika kama pambo.

Wa pili ni mwanakwaya. Huyu hasomi nota, au anasoma kwa tonik-solfa, na anajifunza kwa kusikia njiani akiwa kwenye daladala. Anachohitaji ni sauti yake iwe mbele na nyingine zibaki nyuma, ajue pa kuingilia. Uzuri wa ala haumhusu.

Wa tatu ni paroko, kamati, au mtunzi mwenzake aliye jimbo lingine, anayetaka kuonjeshwa wimbo. Hapo ndipo maktaba kubwa ina maana. Lakini hata maktaba nzuri za kawaida huimba “aa” na “uu”. Maneno hayamo, na wimbo wa Kiswahili usio na maneno umepoteza nusu yake. Mwalimu akacheka, akasema huyo wa tatu atarekodiwa kwaya yenyewe ikiimba, kwa simu.

Kwa hiyo tukabaki na wawili. Nilimpigia wimbo wake mmoja kwa sauti mbalimbali kwenye laptopu yangu. Ulikuwa wimbo wa shukrani, ambamo tena ina mbio za nota fupi katika kiitikio. Kwa kwaya ya “aa” mbio zile zilipotea kabisa, kwani sampuli za kwaya huanza taratibu, na nota inakwisha kabla haijafikia nguvu yake. Kwa piano kila nota ilisikika inapoanzia, lakini nota ndefu za sauti ya pili zilififia kabla ya mwisho wa kipimo, na mwanakwaya asingejua ashikilie mpaka lini. Klarineti ilikuwa na vyote viwili, mwanzo ulio wazi na pumzi inayodumu. Tukakubaliana: sauti inayofundishwa ipigwe kwa klarineti, nyingine tatu kwa piano ya chini. Mpangilio huo hauhitaji hata senti moja ya maktaba, na SoundFont ndogo inautosheleza.

Kuhusu besi, yaani sauti ya nne, iliyokuwa haisikiki: nota ya chini kabisa ambayo besi wa kwaya nyingi huandikiwa ni mi au fa ya chini, yaani kati ya hezi 82 na 87. Spika ya simu, na ya laptopu nyingi, imeshaishiwa nguvu muda mrefu kabla ya kufika huko. Kinachosikika ni vivuli vya nota hiyo, zile oktava na sauti za juu zinazoambatana nayo. Piano laini ina vivuli vichache, ala ya kupulizwa ina vingi, na hivyo klarineti ikasaidia hapo pia. Pale ambapo bado haikutosha, niliona heri faili ya besi ipandishwe oktava moja nzima kwa ajili ya simu. Mwalimu alisita, akihofia wataimba juu. Mwanamume mzima hapandi oktava kwa bahati mbaya. Anaishusha mwenyewe bila kuambiwa.

Mistari miwili au minne

Hili ndilo lililokula muda wetu mwingi, na sijaona likielezwa vya kutosha.

Nota nyingi za kwaya zetu huandikwa kwa mistari miwili ya nota: juu sauti ya kwanza na ya pili, chini ya tatu na ya nne, maneno katikati. Inaokoa karatasi, na mpiga kinanda anaisoma moja kwa moja kama nota zake. Finale inaziweka sauti mbili za mstari mmoja kwenye tabaka tofauti, mikia ya moja ikielekea juu na ya nyingine chini. Kwenye karatasi ni safi kabisa.

Kwenye sauti ni taabu. Kwa programu, mstari mmoja ni ala moja. Ukitaka kuinua sauti ya pili peke yake, unainua na ya kwanza. MuseScore 3 ilikuwa na vitufe kwenye miksa vya kunyamazisha kila sauti ndani ya mstari, lakini MuseScore 4 ilipotoka Desemba 2022, miksa yake mpya ilizitambua ala tu. Kuna njia za kuzunguka, mfano kutengeneza nakala ya sehemu inayoonyesha sauti moja pekee, ila kila wimbo unakudai hatua zilezile upya.

Ushauri wangu ulikuwa aigeuze kazi: aandike kwa mistari minne tangu mwanzo, kila sauti na wake, na wa tano wa kinanda pale kinanda kinapopiga kitu tofauti. Hiyo ndiyo faili ya kusikilizia. Kwa ajili ya kuchapa, programu inaweza kuzikusanya sauti mbili kwenye mstari mmoja, na kinachobaki ni kusafisha mikia na maneno. Kwa nyimbo za zamani zilizoandikwa miwili, amri ya kinyume huzitawanya.

Kuna mtego mmoja hapo. Tena ikiwa chini pamoja na besi huandikwa kwa ufunguo wa F, kwenye kimo chake halisi. Ikihamia mstari wake peke yake, desturi ni kuipa ufunguo wa G wenye namba 8 ndogo chini yake, maana yake inasikika oktava moja chini ya inavyoandikwa. Ukiiandika kwa ufunguo wa G wa kawaida, kompyuta itaipiga sauti ya tatu juu ya sauti ya pili, nawe utadhani utunzi ndio mbaya. Kabla ya kulaumu vifaa, angalia ile 8.

Programu

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale, iliyokuwa sokoni tangu 1988, haitaendelezwa tena. Wenye leseni walipewa nafasi ya kuhamia Dorico Pro ya Steinberg kwa dola 149. Mwalimu alikuwa amesikia habari hiyo kwa mbali na kuiona ya watu wa Marekani. Programu yake iliendelea kufunguka kama kawaida, na ingeendelea kufunguka hadi siku ile diski ya kuzunguka itakapogoma.

Kununua mashine mpya ili kuisakinishia programu iliyokwisha niliona ni kujichimbia. Tukatazama zilizopo. Sibelius, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1993 kwenye kompyuta za Acorn na sasa iko mikononi mwa Avid, ina toleo la bure linaloishia ala nne. Sauti nne na kinanda ni tano, limeishia hapo. Dorico SE ni ya bure pia na ina nafasi zaidi, na kwa kupanga kurasa za kitabu sijaona inayoishinda Dorico. MuseScore ni bure bila kikomo cha ala, na chanzo chake ni huria.

Tulichagua MuseScore, na sababu iliyomvutia mwalimu haikuwa bei. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kuingiza nota kwa namba: 5 kwa nota robo, 6 kwa nusu, 4 kwa moja ya nane. MuseScore inatumia namba zilezile. Kwa Sibelius robo ni 4, na mtu aliyeandika kwa miaka mingi angekosea kila kipimo. Sababu yangu mimi ilikuwa nyingine: vijana wake wawili wanaojifunza kuandika wangeweza kuisakinisha kwenye mashine zao dhaifu bila kuomba leseni kwa mtu.

Njia ya kuhamisha nyimbo ni MusicXML, muundo ulioanzishwa na Michael Good, ambao tangu 2015 unasimamiwa na kundi la wadau chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Programu zote kubwa zinausoma. Unabeba nota, maneno, alama za nguvu na sauti za ndani ya mstari; fonti na upangaji wa ukurasa mara nyingi havifiki kama vilivyokuwa. Matoleo ya baadaye ya Finale yana amri ya kuigeuza folda nzima kwa mkupuo. Nilimwomba jambo moja kabla hajagusa fedha: kila wimbo utolewe MusicXML na PDF, vyote viwili, viwekwe kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti. PDF ni ya kuonyesha ukurasa ulivyokuwa, pale MusicXML itakapoleta neno lililohama nota yake.

Sasa mashine

RAM ya GB 4 haitoshi. Windows yenyewe inachukua karibu nusu, kivinjari kinakula kinachobaki. GB 8 ndiyo sakafu ya MuseScore 4, na 16 ndiyo nafasi ya kupumua siku akitaka maktaba kubwa. La muhimu zaidi ni kama RAM inaongezeka au imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao.

SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ni lazima. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa kwenye hali nzuri, na huanguka mbali sana ikisoma vipande vidogo vilivyotawanyika, kama maktaba za sampuli zinavyotaka. SSD ziko za aina mbili: ya SATA inafika karibu 550, ya NVMe inapita elfu mbili. Mwanakwaya hataisikia tofauti ya SATA na NVMe. Tofauti ya SSD na diski ya kuzunguka ataisikia hata mpita njia.

Prosesa: i5 ya kizazi cha 8, yenye viini vinne, inabeba sauti nne na kinanda huku imelala nusu. Hilo ndilo jibu la swali lake la mwanzo. Kizazi ndicho cha kuangaliwa kuliko namba ya i, kwa sababu msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haipokei Intel nyingi za kabla ya kizazi cha 8. i7 ya kizazi cha 6 ambayo muuzaji anaisifia imeshaachwa na mlango huo, na i5 ya kizazi cha 8 imeingia.

Skrini isiwe chini ya 1920 kwa 1080. Laptopu za ofisi zilizotumika, zinazoingia Kariakoo kwa wingi kupitia Dubai, zilitolewa kiwandani zikiwa na skrini tofauti chini ya jina lilelile. Kuna ThinkPad T480 ya 1366 kwa 768 na kuna ya 1920 kwa 1080, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa nota, ile ya kwanza inakuonyesha kipande cha ukurasa na kukulazimisha kusogeza kila baada ya vipimo vichache.

Halafu kuna suala la sauti kuchelewa, ambalo huwatisha watu bila sababu. Kompyuta hutuma sauti kwa mafungu. Fungu la vipimo 512 vya sauti, kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 11.6, fungu la 128 ni karibu 3, la 1024 ni 23. Ukibonyeza kinanda na kusikia kupitia kompyuta, tofauti hizo zina maana. Ukibonyeza kitufe cha kucheza wimbo ulioandikwa, hazina maana yoyote: wimbo mzima umechelewa kwa kipande cha sekunde, basi. Kwa msikilizaji weka fungu kubwa, mashine ipumue na mikwaruzo ipungue. Spika ya Bluetooth huchelewa zaidi ya hapo, milisekunde mia na kuendelea, ila wanakwaya hawataijua. Atakayeijua ni mwalimu akifuata mstari wa bluu kwenye skrini, ambao utakuwa umetangulia sauti. Afuate sikio.

Na kinanda? Waya wa USB kutoka USB TO HOST unaingiza nota kwenye programu huku mpigaji akijisikia kupitia spika za kinanda chenyewe. Suala la kuchelewa linakufa hapo, na hahitaji kununua kifaa kingine cha sauti.

Zilizoshindana

Dukani tulipewa chaguo la kwanza: laptopu mpya ndani ya boksi, na mwaka mmoja wa garantii. Prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyoungwa kwenye ubao, hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64. Upya wake ulimvutia mwalimu, na ninamwelewa, kwani kwenye kikao neno “mpya” lina uzito. Lakini mashine ile haiwezi kuongezwa chochote, na hifadhi yake ingejaa kwa masasisho ya Windows kabla ya kuingiza kwaya yoyote. Muuzaji alipoona tunaiacha akatuambia programu za nota ni “vitu vidogo tu”. Kuhusu nota zenyewe yuko sahihi.

Mac mini ya M1 ya mwaka 2020 iliyotumika ilikuwa ndani ya uwezo, na kwa sauti ni mashine bora kuliko zote tulizozitaja; mfumo wa sauti wa Apple haudai draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za ziada. Haina skrini wala betri. Kwa mtu ambaye umeme humkatikia katikati ya Gloria, hiyo imetosha kuiondoa.

Kuikarabati ile ya zamani kwa SSD na RAM kungemaliza nusu ya tatizo kwa fedha ndogo, na kama bajeti ingekuwa laki mbili hilo ndilo ningelisema, pamoja na MuseScore 3 ambayo inakubali hata Windows 7.

Tukabaki na T480 na HP EliteBook 840 G5. Zote ni za 2018, zote zina nafasi mbili za RAM. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, na hapo ikashinda.

Ukaguzi haukuwa wa kukisia. Amri ya powercfg /batteryreport inatoa uwezo wa betri kiwandani na uwezo uliobaki. Ya kwanza tuliyopewa ilikuwa chini ya nusu, tukaomba nyingine. CrystalDiskInfo inaonyesha SSD imefanya kazi saa ngapi. Nilikuwa na flashi yenye MuseScore isiyohitaji kusakinishwa na wimbo mrefu wa sauti nne. Tukaucheza mwanzo hadi mwisho, hedifoni masikioni, Wi-Fi ikiwa imewashwa kisha imezimwa, kwa sababu draiva za Wi-Fi ni wahalifu wa kawaida wa mikwaruzo.

Fedha ilivyogawanyika

Laptopu ilichukua sehemu kubwa: i5 ya kizazi cha 8, SSD ya GB 256, RAM ya GB 8 yenye nafasi moja wazi. Iliyobaki ilinunua hedifoni za waya zinazofunika masikio, diski ya nje ya akiba, waya wa USB wa kinanda, na kipande cha RAM cha GB 8 cha kujaza ile nafasi. Kibodi kubwa ya kompyuta ya zamani, yenye namba upande wa kulia, ilihamia kwenye laptopu bila gharama. Salio lilirudi kwa mweka hazina pamoja na risiti.

Hedifoni ndizo zilizopingwa kwenye kikao. Mzee mmoja aliuliza kwa nini fedha ya kwaya inunue kitu cha kusikiliza mtu mmoja. Mwalimu akazipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akasikia besi ya wimbo wa sadaka ambayo kwenye simu haikuwahi kusikika. Hoja ikaishia hapo.

Kuhamia hakukuwa laini. Kwenye baadhi ya nyimbo maneno ya beti ya pili na ya tatu yaligandana, na nyimbo zilizotumia fonti maalumu kwa alama fulani zilileta herufi za ajabu mahali pa alama. Vijana wake walizigawana, wakilinganisha na PDF. Zile za mistari miwili hazikutawanywa zote. Inatawanywa inayohitajika kwa Jumapili inayokuja, nyingine zinasubiri zamu yake.

Kila wimbo sasa unatoka faili nne za MP3, moja kwa kila sauti. Dakika moja ya WAV ni karibu megabaiti 10, ya MP3 kwa kilobiti 128 ni moja hivi; wimbo wa dakika nne kwa sauti nne ni megabaiti 16, na bando la mwanakwaya linavumilia. Kila faili inaanza na kipimo kimoja kitupu cha kuhesabu, wazo la sauti ya tatu, waliokuwa wakichelewa kuingia.

Muse Sounds aliziomba baadaye, alipoona nafasi ya diski bado ipo. Nilimwambia achukue kwaya na kinanda tu, tena mahali penye Wi-Fi, kwa sababu kuzishusha zote kwa bando la simu ni kutupa fedha. Anazitumia akiwa peke yake usiku kusikiliza alichotunga. Faili zinazokwenda WhatsApp bado ni klarineti na piano.